Mzigo wa Mwanafunzi Aliye Ng'ambo

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mwaka uliopita, katika mwezi wa Juni, nilipotoka msikitini baada ya Sala ya Isha nalimkuta mama mmoja akiningoja kando ya mlango. Mkononi alikuwa na sahani nyeupe ya kauri aliyoifunga katika kitambaa, na zafarani katika karatasi. Akanitaka nimwandikie kombe. Nikamuuliza, "Nani mgonjwa, dada yangu?" Akajibu, "Mwanangu, Sheikh. Yuko Uingereza." Nikamwambia, "Basi kombe hili litamfikiaje?" Akasema, "Nitalinywa mimi kwa niaba yake."

Sikucheka, wala nisingeweza kucheka. Mas-ala ya kombe nimekwisha kuyaeleza katika darasa zetu, na rai yangu wengi wenu mwaijua, sitairudia hapa. Nililoliona usiku ule ni mama aliyekuwa tayari kunywa dawa ya maradhi yasiyo yake, kwa kuwa hakujua njia nyengine ya kumfikia mtoto wake. Kijana huyo alikuwa amepata A katika mtihani wa KCSE, akaenda kusomea uhandisi, na alikuwa katika mwaka wake wa pili. Tangu mwezi wa Januari alikuwa hapokei simu, ila huandika maneno mawili matatu: "Nina mtihani, mama," au "Nitapiga kesho." Kesho haikufika. Jamaa walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba ni husuda, na ami yake alikuwa amekwisha kuulizia bei ya mbuzi ili isomwe Halbadiri juu ya hao mahasidi.

Nalimwomba namba ya simu ya kijana. Mara ya kwanza hakupokea. Mara ya pili alipokea, akajibu salamu, akanyamaza. Mara ya tatu alisema, na alipoanza kusema hakukoma kwa muda wa saa nzima. Kwa idhini yake nayaeleza haya, bila ya kumtaja, kwani alisema mwenyewe kwamba kama angaliyasoma mapema yangalimfaa.

Kwanza alinieleza khabari za alama. Hapa kwetu mtoto mwenye akili amezoea kupata tisini na kitu, na akipata sitini babake humwangalia kwa jicho baya. Katika vyuo vikuu vya Uingereza mwenye kupata 70 katika 100 amepata daraja ya kwanza, na 40 ndiyo alama ya kupasi. Kijana huyu katika mwaka wake wa kwanza alipata 58 katika somo moja. Hakuna aliyemfahamisha kwamba alama hiyo ni ya kati tu, nyepesi kupandishwa. Akaona amekwisha kuaibika, na kwa aibu hiyo akawaandikia jamaa zake kwamba yeye ndiye wa kwanza darasani. Uwongo ule mdogo ndio uliokuwa kamba shingoni mwake, kwani tangu siku ile kila alama ilibidi ifichwe nyuma ya nyengine.

Pili, insha yake ya kwanza ilirudishwa kwa tuhuma ya wizi wa maandishi. Alikuwa ameyahifadhi maneno ya kitabu kama alivyozoezwa kuhifadhi tangu chuoni, akayaandika kama yalivyo bila ya kumtaja mwenyewe. Kwake yeye kulihifadhi neno la mwanachuoni ni kumheshimu; kwao wao kuliandika bila ya kutaja lilikotoka ni kuiba. Hapa nasikitika, maana lawama hii yaturudia sisi walimu wake. Ni umma gani uliotangulia katika elimu ya isnadi kama umma huu? Wanazuoni wetu wa Hadithi hawakukubali neno moja ila kwa kutajwa fulani aliyelipokea kwa fulani, mpaka lifike kwa mwenyewe. Lau tungalimfunza kijana huyu kwamba kutaja kitabu na ukurasa ndiyo isnadi ile ile, hangaliona jambo geni wala hangaliitwa mwizi. Tulimhifadhisha matini, tukasahau kumfunza adabu ya matini.

Tatu ni kunyamaza. Sisi twamfunza mtoto asimwingilie mwalimu kwa maswali, na aliyenyamaza twamwita mwenye haya. Huko mwalimu huweka saa maalumu katika juma za kuonana na wanafunzi, na mwanafunzi hupewa mwalimu wa kumtazama khasa. Lakini mlango huo haugongwi na mwalimu, hugongwa na mwanafunzi. Asiyeuliza hudhaniwa hana tatizo. Kijana wetu alikaa mwaka na nusu kwa adabu, na adabu yake ikahesabiwa kuwa ni kuelewa.

Juu ya hayo ikaja baridi na giza. Kwetu Mombasa wakati wa Magharibi hautofautiani hata saa moja mwaka mzima, basi twadhani jua ni jua kila mahali. Mjini London, katika mwezi wa Disemba, jua huchomoza saa mbili ya asubuhi na huchwa kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huingia ndani ya muda wa saa nne. Mtu aliyezaliwa katika mwanga akikaa miezi mitatu hivyo, akitoka gizani kwenda darasani na kurudi gizani, hapana budi moyo wake uone uzito. Wenyeji wa huko wenyewe huuona, na madaktari wao wanaujua ugonjwa huo wa huzuni ya majira ya baridi. Mtu kuukuta si upungufu wa imani.

Na usiku hakuwa akilala. Sheria ya viza yamruhusu mwanafunzi kama yeye kufanya kazi saa ishirini kwa juma wakati wa masomo, naye alizifanya zote usiku, katika ghala, akibeba makasha. Kwa nini? Kwa sababu dadake alikuwa aolewa, na jamaa walimwandikia kwamba watu wote wangojea kuona atakacholeta "wa Ulaya". Alituma. Kisha paa la nyumba. Akatuma.

Katika mitihani ya Januari alianguka masomo mawili. Ulipofika mtihani wa Mei alivaa nguo, akachukua kalamu, akafika mpaka mlangoni pa chumba cha mtihani, miguu ikakataa kuingia. Moyo ulimwenda mbio, pumzi zikamkata, akadhani anakufa. Akarudi chumbani akalala siku tatu.

Yampasa msomaji afahamu hali hii ni nini, kwani twaitupia majina kwa haraka. Mwenyezi Mungu amemuumba mtu hivi, kwamba akiogopa mwili hujiandaa kwa kupigana au kwa kukimbia: moyo hupiga upesi, pumzi hufupika, nguvu huenda katika mikono na miguu, na tumbo huacha kazi yake ya kusaga chakula. Khofu ya namna hii ikiwa ya saa moja ni neema. Ndiyo imwamshayo mwanafunzi afungue kitabu. Ikidumu miezi, mwili wachakaa kama mashua isiyoshushwa tanga hata usiku. Usingizi waondoka, na usingizi ndio wakati ambao akili huyakaza iliyoyasoma mchana; asiyelala husoma ukurasa mmoja mara nne na asubuhi hana hata mstari. Hapo huongeza saa za kusoma na kupunguza za kulala, na kila akizidisha juhudi huzidi kupotea. Watu siku hizi huuita msongo wa mawazo. Mimi naona neno letu la zamani, dhiki, latosha.

Huenda mtu akasema: "Sheikh huyu awatetea wavivu. Dawa ya haya ni Sala na subira." Namjibu: mvivu hulala usingizi mzuri. Huyu ninayemtaja alikuwa akiamka usiku kusali, akilia katika sijida, kisha akirejea kwenye kitabu macho yake hayaoni. Sala ni nguzo na subira ni ngao, lakini Mtume wetu (S.A.W.) aliyetuamrisha hizo ndiye aliyetuamrisha pia kutafuta dawa, akatufahamisha kwamba hapana maradhi yasiyowekewa dawa yake.

Tena mtazameni Imam Ghazali, ambaye hapana awezaye kumtuhumu kwa uchache wa imani wala wa elimu. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya mjini Baghdad, akiwasomesha wanafunzi mia tatu, naye umri wake haujafika miaka arubaini. Dhiki ikamshika hata ulimi wake ukafungika: akitaka kusomesha, neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti kooni, nguvu zikamwisha, na matabibu wakasema kwamba ugonjwa umeingia moyoni, na dawa za mwili hazitafaa mpaka moyo upate raha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika haya, hakuyaficha. Akaiacha kazi ile yenye jaha kubwa, akaenda Sham, na ilipita miaka zaidi ya kumi ndipo akarudi kusomesha katika madrasa, huko Nishapur. Watu wa Baghdad walisema mengi juu ya kuondoka kwake. Leo nani ayakumbuka maneno yao?

Na kabla yake alikuwako Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, ambaye katika kitabu chake cha maslahi ya miili na nafsi alieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, akazungumza juu ya khofu, huzuni, ghadhabu na wasiwasi, na njia za kuzitibu. Alishauri kwamba mtu akiwa mzima ajiwekee akiba ya fikra njema, kama vile watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Haya ni katika elimu yetu wenyewe. Hatukuyachukua kwa Wazungu. Tuliyasahau, wakaja wakayatafuta.

Majini wapo, na mwenye kuwakanusha ameikanusha Qur'ani. Lakini si kila akosaye usingizi ana jini, wala si kila aliyeanguka mtihani amehusudiwa. Ukimchinjia mbuzi mtu aliye na deni la uwongo, mbuzi ataliwa na deni litabaki.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni letu sisi tuliobaki nyumbani. Tazameni jinsi Mwenyezi Mungu alivyomtendea msafiri. Sala ni haki yake Yeye, na kubwa katika haki zake. Msafiri akampunguzia, rakaa nne zikawa mbili. Saumu ni haki yake; akamruhusu msafiri ale na alipe siku nyengine. Zaka akaigawa mafungu manane, na fungu moja akampa Ibnus-Sabili, msafiri aliyekatikiwa na masurufu njiani, ijapokuwa kwao ni tajiri. (Sisemi kwamba mwanafunzi akaaye huko miaka mitatu apunguze Sala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyeazimia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, rukhsa hiyo imemwondokea. Nasema hikima yake, wala sitaki mtu aje kuniandikia barua juu ya hili.) Mola mwenye haki zote amempunguzia msafiri mzigo wake. Na sisi tusio na haki hata ya nusu ya hizo twamfanya nini? Twamzidishia! Mola ameamrisha msafiri apewe, sisi twamwomba. Twamsindikiza uwanja wa ndege kwa magari sita, twapiga picha, twaziweka katika kundi la ukoo la simu, twamwita "Daktari" au "Injinia" kabla hajaliona darasa. Kila aliyetoa shilingi elfu katika mchango wa nauli huona amenunua sehemu ya shahada. Kisha twastaajabu kwamba mtoto hasemi kweli!

Nalimuuliza kijana yule, ni lipi lililokuwa zito zaidi, masomo au baridi au kazi ya usiku. Akanijibu, "Ami, masomo nalikuwa nayaweza. Nisiloliweza ni simu ya kwetu."

Enyi wazazi, jawabu hii niliisikia kwa masikio yangu, na naipeleka kwenu kama ilivyo. Mtoto akipiga simu, swali letu la kwanza huwa ni mtihani, la pili ni atarudi lini, la tatu ni dada yake fulani ana shida kidogo. Hatumuulizi alikula nini. Hatumuulizi kama ana mtu wa kusali naye jamaa. Salman al-Farsi alipomtembelea Abu Dardaa akamkuta amezama katika ibada hata amemsahau mkewe na mwili wake, alimlazimisha ale, akamlazimisha alale, akamfahamisha kwamba nafsi yake ina haki juu yake na jamaa zake wana haki, na khabari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.) akasema kwamba Salman amesadiki. Ikiwa mtu azuiliwa kuumaliza mwili wake katika ibada ya Mwenyezi Mungu, itakuwaje kuumaliza katika shahada ya uhandisi na paa la nyumba?

Na wewe mwanafunzi uliye mbali, yakikufika haya, nakunasihi kwa machache. Usifiche anguko la kwanza. Nabii Musa (A.S.), alipotoka kwenda kutafuta elimu kwa yule mja mwema, alichoka njiani, na uchovu wake alimwambia waziwazi kijana aliyefuatana naye, akataka chakula chao. Mtume katika Mitume watano wakubwa hakuona haya kusema kwamba amechoka; basi wewe ni nani? Mwendee mwalimu wako katika saa zake. Mwendee daktari: ada ya matibabu umekwisha kuilipa pamoja na viza yako, nayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, basi kwa nini uiache bure? Vyuo vina washauri wa wanafunzi wasiotaka malipo. Tena vina kanuni kwamba mwenye ugonjwa au msiba akileta udhuru kwa wakati wake, pamoja na barua ya daktari, huweza kuakhirishiwa mtihani. Hiyo ni rukhsa. Kijana wetu aliijua tangu Januari, akaona haya kuiomba, asije akaonekana dhaifu. Asiyekubali rukhsa kwa kiburi hana fadhila yoyote.

Soma kama ulivyosoma chuoni: kidogo kila siku, baada ya Alfajiri, na kurudia ulichokisoma jana kabla ya kuongeza kipya. Mtume (S.A.W.) alituelekeza kwenye amali idumuyo ijapokuwa chache, na hata mwenye kuhifadhi Qur'ani nzima hakuihifadhi usiku mmoja wa kahawa. Lala. Tafuta jamaa za Sala. Karibu kila chuo kikubwa cha huko kina jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu na mahali pa kusalia, na aliye peke yake hupotea upesi kuliko walio wawili.

Na likikujia wazo la kujitoa roho, usilale nalo hata usiku mmoja. Mwambie aliye karibu nawe, nenda hospitali saa hiyo hiyo, au piga simu 999. Kujiua ni dhambi kubwa. Kulisema wazo ili upate kuokolewa si dhambi, ni wajibu. Watu wetu wameogopa kulitaja neno hili kwa miaka mingi, na hata sheria ya Kenya katika kifungu cha 226 ilimhesabu mwenye kujaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipohukumu Januari 2025 kwamba kifungu hicho chakhalifu Katiba. Mgonjwa hupelekwa kwa tabibu, hapelekwi korokoroni.

Kijana yule alikwenda kwa daktari, nami nilikuwa naye katika simu alipokuwa akingoja zamu yake. Barua ikaandikwa. Chuo kikamkubalia kuurudia mwaka wa pili. Kazi ya ghala ameiacha, na nusu ya masurufu yake yatoka katika zaka ya wafanya biashara wawili wa mji huu ambao hawataki kutajwa. Kumwambia babake ilikuwa kazi yangu, na sitaificha kwamba ilinipa tabu kuliko khutuba yoyote. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na paa hili nililolalia mwaka mzima, ni kwa mgongo wake?" Nikamwambia ndiyo. Akaondoka bila ya kuniaga, na siku ya pili akawakataza jamaa wote wasimwombe mtoto huyo hata senti moja.

Mitihani yake ni mwezi wa Mei. Mamake humpigia simu kila Jumapili, na nimemwomba asimuulize khabari za masomo mpaka mwenyewe ayataje kwanza. Juzi aliniambia kwamba sharti hilo limemwia gumu kuliko kufunga sita.

Wa billahi ttawfiq.